Mashua Mbili za Wageni

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, hata chai hainipiti kooni. Nimeishi nayo miaka mingi. Nikazaa, nikazika, nikahama kijijini nikaja kukaa hapa Ujiji, na bado haijapoa. Wazee wenzangu huniambia, Bi Salama, samehe, maji yakimwagika hayazoleki. Najua hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga anaweza angalau kuambiwa kwamba ameyamwaga, na mimi leo nataka kusema.

Walionichokoza ni wajukuu wangu wawili, Yasini na Bakari, watoto wa tumbo moja. Yasini ameajiriwa na Wachina kwenye ujenzi. Bakari yuko na mradi wa kilimo huko Kidahwe, fedha zake zinatoka Marekani. Kazi zote mbili ni halali na zote mbili zimeniletea sukari, sina neno nazo. Ijumaa walikuja kunisalimu baada ya swala, nikawapikia ugali na migebuka. Badala ya kula wakatoa simu. Huyu anasema Mchina atamwangusha Mmarekani muda si mrefu, yule anasema labda ndotoni. Mara meli za kivita, mara vikwazo, mara ushuru, mara rais huyu amemnyima mkono rais yule. Mwanzoni nilidhani wanabishania mpira. Kisha Yasini akamwita ndugu yake kibaraka, Bakari akamwita ndugu yake mtumwa, na sahani ikabaki hapo na samaki wangu wakapoa. Tangu siku ile mmoja haketi barazani kwangu mpaka awe na hakika kwamba mwenzake hayupo.

Sasa wewe unayesoma huenda ukacheka. Utasema ni vijana, damu inachemka, yatapita. Mimi sikucheka, kwa maana haya nimeshayaona, na nilipoyaona mara ya kwanza hayakupita bure.

Nilizaliwa katika kijiji cha mwambao wa kaskazini wa ziwa hili, kule ambako milima hushuka mpaka kwenye maji na barabara haikuwepo. Mtu akitaka kwenda Kigoma mjini alipita ziwani. Kijito kidogo kilikata kijiji katikati. Upande mmoja tuliuita Kilimani, upande wa pili Ng'ambo. Ng'ambo lilikuwa neno tu la kuelekezana njia, maana kijito chenyewe mtoto alikiruka bila kulowa. Mimi nilizaliwa Ng'ambo, nikaolewa Kilimani na kijana mvuvi aliyeitwa Saidi, na siku ya harusi yangu nilisindikizwa kwa miguu na nyimbo hazikufika ubeti wa pili kabla hatujafika.

Tulikuwa na desturi moja ambayo nataka uielewe vizuri. Mtu akizidiwa na ugonjwa, au mwanamke akishindwa kujifungua, jamaa yake alichukua kafi, kasia fupi la mtumbwi, na kwenda nalo mwaloni, pale vyombo vinapopandishwa mchangani. Akalisimika mbele ya mtumbwi wowote autakao. Hakusema kitu. Mwenye mtumbwi aliyeona kafi limesimama mbele ya chombo chake aliacha shughuli zake zote, hata kama amegombana na mgonjwa jana yake, hata kama wavu umeshapakiwa, akamvusha mgonjwa mpaka mjini. Hakulipwa na hakushukuriwa kwa maneno. Kukataa kafi lilikuwa jambo ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia, kwa hiyo hatukujua hata adhabu yake ingekuwa nini.

Basi wakati ule dunia ilikuwa na wakubwa wawili, kama ilivyo sasa. Sitawataja. Nikiwataja mtaacha kunisikiliza na kuanza kubishana nani alikuwa na haki. Walitishana kwa mabomu ambayo hawakuyarusha, wakashindania kila nchi iliyotoka kupata bendera yake, na sisi tuliyasikia hayo kwenye redio ya mwalimu wetu tukiwa tunaanika dagaa. Hatukujua kwamba siku moja watatufikia.

Wa kwanza alikuja na kofia pana ya ukindu, tukamwita Bwana Kofia. Alifikia Kilimani kwa sababu mwalo wa Kilimani ndio wa kwanza ukitokea mjini, hakuna sababu nyingine. Alikuwa mtu wa ucheshi, akala kwetu, akaahidi mashua ya mbao nzito yenye injini, na kweli akaileta. Tulishangilia wote, Kilimani na Ng'ambo. Alipokuwa akiondoka aliuliza kama kuna watu wengine waliokwisha kuja hapa kabla yake, watu wa lile taifa lingine. Tukasema hapana. Akafurahi kuliko alivyofurahia mbuzi tuliyemchinjia.

Haikuchukua muda akaja wa pili. Huyu alivuta sigara moja baada ya nyingine, tukamwita Bwana Sigara. Alisikia huko mjini kwamba mwenzake ameshaleta mashua. Hakutuuliza tunahitaji nini. Aliuliza mashua ile ina urefu gani na injini yake ina nguvu gani, kisha akaleta ndefu zaidi yenye injini kubwa zaidi, akaikabidhi Ng'ambo.

Ukweli lazima niuseme, hasira isinifanye mwongo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema watu wa upande mwingine wasipande. Walichosema ni kwamba watarudi kuona tunavyozitunza, na kwamba kijiji kizuri huenda kikapata na mengine. Basi. Hayo mengine tuliyaongeza wenyewe. Ng'ambo wakaunda kamati ya mashua na Kilimani wakaunda yao. Kamati ya Kilimani ikapitisha kwamba mashua yao isimchukue mtu aliyekwenda kumpokea Bwana Sigara. Ng'ambo kusikia hivyo wakapitisha kwamba yao isimchukue mtu wa Kilimani kabisa. Bwana mwenyewe hajakasirika, mtumishi ameshakasirika kwa niaba yake. Nimeona mambo mengi ya kipuuzi katika maisha yangu, lakini sijaona upuuzi uliovalishwa kanzu safi kama ule.

Ikaanza kuingia majumbani. Wanawake waliochota maji kwenye kijito kimoja wakaanza kuchota kila mtu upande wake, wakapeana mgongo. Posa moja ikavunjika. Wazee waliokuwa wakicheza bao pamoja wakagawana kete. Vijana wakavaa vitambaa walivyopewa na wageni, hawa rangi hii na hawa rangi ile, wakaimba nyimbo za kutukanana kwa majina ya viongozi ambao hawajui hata nyumba zao ziko wapi. Na mimi niliyezaliwa huku na kuolewa kule nilikuwa nikienda kumwona mama yangu nasemwa, nikirudi kwa mume wangu nasemwa.

Nahodha wa mashua ya Ng'ambo alikuwa kaka yangu wa baba mmoja mama mmoja, Hamisi. Alinilea mgongoni mwake. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yetu, na ninasema hivyo bila kuona haya. Alikuwa hodari, akaielewa ile injini upesi, Bwana Sigara akampiga begani na kumwambia mtu kama yeye angeweza kupelekwa kusoma ufundi nchini kwao. Neno lile lilimwingia. Siku hizi nikisikia kijana amepigwa begani na mgeni huwa nashtuka.

Mimba yangu ya kwanza ilipofika wakati wake, mashua ya Kilimani ilikuwa imelala mchangani. Kifaa kimoja cha injini kilikuwa kimevunjika, na kifaa hicho kilitoka kwa Bwana Kofia tu. Cha injini ile nyingine hakikuingia, maana kila mkubwa alitengeneza vya kwake visivyoshikana na vya mwenzake. Uchungu ulinishika alfajiri. Jua lilipopanda mkunga akatoka nje na kumwita mama mkwe wangu, Bi Tausi, nikamsikia akimwambia mtoto amekaa vibaya, hili si la mikono yangu, mpelekeni mjini sasa hivi.

Bi Tausi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Hakubishana na mtu. Alichukua kafi la Saidi lililokuwa ukutani, akaruka kijito, akaenda mwaloni Ng'ambo, akalisimika mbele ya mashua ya Bwana Sigara. Saidi na ndugu zake wakanibeba nyuma yake kwenye kitanda cha kamba.

Watu walikusanyika. Hamisi alikuwa ameinama kwenye injini na kitambaa cha kufutia mafuta. Akaliangalia kafi, akaniangalia mimi, kisha akarudi kuiangalia injini.

"Mama," akamwambia Bi Tausi, "shikamoo. Kafi naliheshimu. Lakini kafi ni la mitumbwi. Hii ni mashua ya mradi. Ina kamati yake."

Bi Tausi hakuitikia shikamoo. Akamwambia, "Huyu ni dada yako."

"Najua mama. Ngoja nikaombe ruhusa. Sitachelewa."

Akaenda. Mwanangu, nililala pale mchangani nikiwa nasikia kikao cha kamati, kwa sababu kilifanyika hatua chache kutoka kichwani kwangu, kwenye kivuli cha chanja za kuanikia dagaa. Nilisikia katibu akisema Bwana Sigara anatarajiwa siku yoyote, akija akute mashua inambeba mtu wa Kilimani itakuwaje. Nilisikia mwingine akisema Kilimani ndio walioanza. Mwingine akasema huyu binti ni wetu kwa kuzaliwa, apande yeye peke yake bila mumewe na bila mama mkwe. Wakaanza kujadili hilo. Wakajadili mtoto atakayezaliwa atahesabiwa wa upande gani. Wallahi walijadili hilo, na mtoto yumo tumboni mwangu anahangaika.

Nilimwita. Nilisema "Kaka" kwa sauti niliyokuwa nayo. Alisikia, maana aligeuka. Akanipungia mkono kwa namna ya kuniambia vumilia, yanakwisha sasa hivi. Hata leo nakiona kiganja kile.

Saidi alikuwa kijana mpole, lakini siku hiyo alimwendea katibu akamshika kanzu, wakaamuliwa, na ile purukushani ikawapa watu sababu nyingine ya kuahirisha. Bi Tausi ndiye aliyelichomoa kafi. Akasema, "Tumeshindwa hapa. Twendeni kwa mikono." Wakanitia kwenye mtumbwi wetu mdogo, Saidi mbele, ndugu yake nyuma, Bi Tausi amenishika kichwa mapajani. Upepo wa mchana ulikuwa umeshaanza na mawimbi yalikuja ubavuni. Walipiga makafi mpaka viganja vya Saidi vikachunika. Tulifika mjini jua linaelekea kuzama. Wauguzi walifanya yote waliyoweza kuyafanya, sina lawama nao, na mimi wakaniokoa. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa mzima asubuhi, mkunga alimsikia, mimi nilimsikia. Muuguzi aliniambia kwamba tungewahi kidogo tu angelia.

Tukamzika kijijini. Watu wa Ng'ambo walikuja mazishini na wengi wao walilia kweli. Hamisi alisimama mbali, kando ya kijito, na hakuna aliyemwambia asogee.

Sasa sikiliza sehemu inayonichoma zaidi.

Msiba haujapoa, mwalimu wetu akasikia redioni kwamba wale wakubwa wawili wa dunia wamekutana. Viongozi wao wamekaa meza moja, wamepeana mikono, wametia saini karatasi za kupunguza mabomu, wamekunywa na kupigwa picha. Siku chache baadaye ikaja boti ya kukodi kutoka mjini. Ikasimama katikati, pale kijito kinapoingia ziwani. Ndani yake walikuwamo Bwana Kofia na Bwana Sigara, wote wawili, wamekaa ubao mmoja. Bwana Sigara alikuwa amevaa kofia ya mwenzake kwa utani na mwenzake alikuwa ameshika sigara yake. Walikuwa wanacheka. Ilijulikana baadaye kwamba walikuwa wakikaa hoteli moja huko mjini muda wote na jioni walikula pamoja, hata siku zile kila mmoja alipokuwa akituuliza habari za mwenzake. Siku hiyo waliona hakuna haja ya kukodi vyombo viwili kwenda mahali pamoja. Walipanda chombo kimoja kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kijiji kilipigwa na bumbuazi. Kilimani walikuwa wametayarisha ngoma yao na mbuzi wao, Ng'ambo ngoma yao na mbuzi wao, na hakuna aliyejua aanze kupiga nani. Ngoma zote mbili zikanyamaza. Wenyewe wageni walitembea kutoka mashua hii hadi ile, wakizigongagonga mbao na kuulizana mambo yao, na vijana wenye vitambaa wakavivua shingoni taratibu na kuvikunja mfukoni.

Ndipo Bi Tausi akapita katikati ya watu. Alikuwa bado na kanga ya msiba. Akasimama mbele ya wageni, akasema kwa Kiha, pole pole, bila kupandisha sauti. Alisema: "Mmekuja pamoja. Vizuri. Mjukuu wangu alikufa kwa sababu nyinyi hamkuwa pamoja. Nauliza, mlipatana lini? Kama mlipatana kabla hajafa, kwa nini hakuna aliyetuletea habari? Na kama hamkuwahi kugombana, sisi tulikuwa tunagombana na nani?"

Wageni wakamgeukia mwalimu awatafsirie. Mwalimu alikuwa mtu mwema, mwoga kidogo, na alikuwa akitegemea kupata madawati kutoka kwao. Akawatafsiria maneno machache. Bwana Kofia akatabasamu, akainamisha kichwa, akamshika Bi Tausi mikono yote miwili na kuitikisa. Tulipomuuliza mwalimu baadaye umewaambia nini, akajibu aliwaambia huyu ni mzee wa kijiji, anafurahi kuwaona pamoja.

Kwa hiyo hawakujua, mwanangu. Walipanda boti yao wakarudi mjini na hawakujua. Labda wamekufa uzeeni katika vitanda vyao wakiwa wanatukumbuka kama watu wakarimu. Wakati mwingine naona hilo ndilo linaloniumiza kuliko kifo chenyewe. Mtu aliyekudhulumu akijua, kuna siku moyo utamsuta. Wale hata msuto hawakuupata.

Bi Tausi hakuwafuata. Aliwageukia watu wake, Kilimani na Ng'ambo, na hapo ndipo alipopandisha sauti. Akasema, "Yemwe, nyinyi watu wa hapa. Wale ni wageni, hawakuzijua desturi zetu. Nyinyi mlizijua. Hakuna mgeni aliyesema kafi ni la mitumbwi tu. Hilo mlilitunga wenyewe kwa akili zenu, mkaona mmekuwa werevu. Mmepewa mbao na chuma, mkatoa mtu. Tena mmetoa bila kuombwa." Akamtafuta Hamisi kwa macho mpaka akamwona. "Na wewe uliyekwenda kuomba ruhusa ya kumbeba dada yako. Mtu akishaomba ruhusa ya kuwa ndugu, undugu umekwisha." Akaondoka, na sikumsikia tena akilisema jambo hilo mpaka alipokufa.

Mashua zile zilioza, moja mwaka huu na nyingine mwaka ule. Wale wakubwa wenyewe walipatana, wakagombana tena, na baadaye mmoja wao akavunjika vipande vipande pasipo sisi kuulizwa. Hamisi hakupelekwa kusoma ufundi. Alikuja mlangoni kwangu mara nyingi, akaleta samaki, akakaa nje. Ilinichukua miaka kumwambia aingie. Nilimsamehe, Mungu ni shahidi yangu, na alipoangushwa kitandani na ugonjwa mwishoni mimi ndiye niliyemlisha uji. Lakini tulipopatana nywele zilikuwa zimeshaota mvi, na kule kuchekeana kwa utotoni hakukurudi. Wakubwa wale walipatana kwa saa moja mezani. Mimi na ndugu yangu ilitugharimu ujana wetu.

Sasa mnaniletea fahali wawili wapya. Na kila nikisema, kijana mmoja atanijibu kwa hekima ya kuazima: bibi, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii wazee waliisema kwa uchungu, nyinyi mnaisema kwa raha, kana kwamba ni cheti cha kulala chini ukanyagwe. Nyasi hazina miguu. Wewe unayo. Nyasi hazina ulimi wa kumwambia jirani yake tusogee huku. Wewe unao, tena mrefu, nimeusikia Ijumaa barazani kwangu. Nani alikwambia wewe ni nyasi? Na tena siku ile hatukukanyagwa na fahali yeyote. Fahali walikuwa wanakula pamoja huko mjini. Tulikanyagana wenyewe.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu, wewe na Yasini na Bakari na yeyote atakayewasomea.

Mgeni akija na kitu, kama mnakihitaji, kipokeeni. Simkatazi mtu mashua, wala reli, wala mbegu. Mashua ile ingeniokolea mtoto, ubaya haukuwa kwenye mbao zake. Fanya kazi kwa Mchina, fanya kazi kwa Mmarekani, kula mshahara wako na umtumie mama yako. Lakini kabla kitu cha mgeni hakijagusa mchanga wenu, kaeni nyinyi kwa nyinyi mkubaliane kitamfaa nani, na jibu liwe yeyote mwenye shida. Mwambieni mgeni desturi yenu kabla hajafikia kuwaambia ya kwake. Akiona haimfai, mwacheni aende nacho salama, ziwa halitakauka.

Usimchukie mtu kwa niaba ya mtu mwingine. Chuki ya kuazima hairudishwi kwa mwenyewe, inabaki kwako na inazaa. Wakubwa wana mabalozi, wana wakalimani, wana meza ndefu na maji ya chupa, na siku wakichoka kugombana watakutana na kupeana mikono kwenye televisheni, nanyi mtaangalia. Hawatawaita. Hawatawaambia kwamba imekwisha. Wewe na ndugu yako mkigombana mna meza gani? Mnao mlango wa mama yenu tu, na mama hakai milele.

Na ukisikia unataka kusema ngoja nikaulize kwanza, ilhali mtu wako amelala mbele yako, jiulize unamwogopa nani. Ukimpata, utagundua yuko mbali sana, anakula chakula chake, na hata jina lako hajui.

Nimemaliza. Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe, maana nadhani ndiyo iliyonifanya niandike. Yasini, Bakari, kesho nitapika tena na nitawatandikia mkeka mmoja. Asiyetaka kukaa asije kunizika.

Na wewe mwanangu nisiyekujua, Mwenyezi Mungu akupe riziki pande zote bila ya kukufanya mtu wa upande. Akujaalie ndugu atakayekubeba siku ya shida bila kwenda kuomba ruhusa, na siku ndugu yako atakapolala mchangani akuite kwa sauti aliyokuwa nayo, akujaalie uwe umeshainuka. Amin.